Wavu Uliochakaa Upelekwe Wapi?

(Mazungumzo haya yalisomwa redioni. Tunayachapisha kwa ajili ya wasomaji ambao hawakubahatika kuyasikia.)

Ndugu zangu, Jumamosi moja nilikwenda soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, kutafuta kitoweo. Nilipata changu wawili wa kadiri, nikampa kijana mmoja wa pale aniparie na kunitolea matumbo. Wa kwanza hakuwa na neno. Alipompasua wa pili, kisu kilivuta kitu chembamba cha rangi ya buluu, urefu wake kama kidole cha shahada. Kilikuwa kipande cha uzi wa plastiki. Kwa jinsi kilivyosokotwa, nilidhani kimetoka katika kamba ya chombo au ya mtego. Kijana alikisukuma pembeni kwa ncha ya kisu, akacheka. "Mzee, huyu naye alikuwa mvuvi," alisema. Nilipomwuliza kama mambo hayo huyaona mara nyingi, alinijibu kwa neno moja tu: "Kawaida."

Nilirudi nyumbani na samaki wangu ndani ya kikapu cha ukindu, na njia nzima neno lile "kawaida" halikuniacha. Maana sisi wakazi wa mijini tumejijengea imani kwamba habari ya plastiki tulikwisha kuimaliza. Tarehe 1 Juni, 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku Tanzania Bara. Wenzetu wa Kenya walikuwa wametangulia, Agosti 2017, na Zanzibar ilianza vita hivyo tangu mwaka 2006. Tulinung'unika kidogo, tukazoea, na mitaro yetu ikapumua. Hatua ile ilikuwa njema, na mimi niliiunga mkono.

Lakini ukizisoma kanuni za mwaka 2019 utaona kwamba ziliacha mlango wazi kwa vifungashio vya plastiki vya huduma za afya, vya viwandani, vya ujenzi na vya kilimo. Hilo halikuwa kosa. Mbolea huwezi kuifunga katika gazeti, na dawa ya kuua wadudu huwezi kuiuza katika kibuyu. Nyavu za uvuvi nazo hazikuguswa, kwani wavu si mfuko. Kwa hiyo plastiki iliyotembea nusu saa kutoka dukani hadi jikoni ilikatazwa. Ile inayoshinda shambani na kulala majini mwaka mzima ikabaki. Hiyo ndiyo ninayotaka tuizungumze leo, kwa sababu ndiyo inayozalisha chakula chetu, na sasa imeanza kurudi pamoja na chakula hicho.

Ni plastiki kiasi gani? Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitoa ripoti yake Desemba 2021. Lilikadiria kwamba kilimo, ufugaji, misitu na uvuvi duniani hutumia tani milioni 12.5 za bidhaa za plastiki kila mwaka. Katika hizo, uvuvi na ufugaji wa samaki huchukua tani milioni 2.1. Hapo hujahesabu plastiki ya kufungia chakula kinachouzwa madukani. Tunazungumzia nyavu, kamba na maboya; viriba vya kuoteshea miche; mipira ya umwagiliaji wa matone; karatasi za kufunika matuta na vitalu nyumba; viroba vya mbolea na chupa za dawa.

Sasa, kabla hatujaanza kumnyooshea kidole mvuvi na mkulima, tujiulize: kwa nini waliipenda plastiki?

Wazee wa pwani wanaijua kazi ya wavu wa zamani. Ulisukwa kwa nyuzi za pamba au katani. Ulikuwa mzito ukilowa, na ukitoka majini ulilazimu kuanikwa, la sivyo ungeoza. Wengine walizichovya nyavu zao katika maji ya magome ya mikoko ili zidumu. Mvuvi aliyerudi alfajiri amechoka alikuwa bado na kazi ya wavu mbele yake. Mwaka 1938 nailoni ilitangazwa kwa ulimwengu kutoka Marekani, na baada ya Vita Kuu ya Pili ikaingia katika uvuvi. Katika miaka ya 1950 ilikwisha kufika Ziwa Victoria. Ilikuwa nyepesi, yenye nguvu, na haikuoza. Mvuvi gani mwenye akili angeikataa?

Mkulima naye hali kadhalika. Na hapa sisi Watanzania tuna kisa chetu wenyewe. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliingiza mkonge katika nchi hii. Katika miche 1,000 iliyotumwa kutoka Marekani, iliyofika Tanga na kuishi ilikuwa 62 tu. Kutokana na hiyo tukapata mashamba ambayo mwaka 1964 yalitoa tani zipatazo 230,000 za katani, nasi tukaongoza duniani. Ilikwenda wapi katani yote hiyo? Sehemu kubwa ilikwenda Ulaya na Marekani kuwa kamba za kufungia marobota ya majani makavu ya mifugo. Kisha ikaja kamba ya plastiki, rahisi na isiyooza, ikaliteka soko hilo. Mkonge uliangushwa na mambo mengi, yakiwamo ya kwetu wenyewe, lakini kamba hiyo ilikuwa mojawapo. Kwa hiyo plastiki ya shambani ilikwisha kutugharimu hata kabla hatujaiona tumboni mwa samaki.

Sifa ya plastiki ni kwamba haiozi. Mzigo wake nao ni huo huo. Kamba ya katani ikisahauliwa ufukweni, baada ya muda inakuwa udongo. Ya plastiki inapigwa na jua, inakauka, inakatika vipande, na vile vipande vinakatika tena hadi jicho halivioni. Havikuisha, vimegawanyika tu. Samaki anavimeza, na mizizi ya mazao inavikuta ardhini.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 uliwachunguza sangara na sato walionunuliwa Mwanza. Katika kila aina, samaki mmoja kati ya watano alithibitika kuwa na plastiki tumboni. Sisemi kwamba yote ilitoka nyavuni, kwani taka za mjini nazo huishia ziwani. Ninachosema ni kwamba kijana wa Feri hakuwa anatania.

Tuanze na wavu, kwa kuwa wavu una madhara yake ya pekee. Mfuko uliopotea baharini ni uchafu, lakini wavu uliopotea unaendelea na kazi. Wavu wa jarife ukikatika kwa dhoruba, au ukinasa kwenye mwamba, au ukapitiwa na meli, unabaki ukining'inia majini. Samaki wananasa. Hakuna wa kuwatoa, wanakufa, wanaoza, na harufu yao inawaita kaa na samaki wengine, nao wananasa. Wataalamu wameziita nyavu za namna hiyo nyavu za mizimu, kwa kuwa zinavua bila mvuvi. Kasa akinaswa hufa, maana lazima apande juu kuvuta hewa. Nguva naye ni hivyo hivyo, na nguva waliobaki katika maji ya Rufiji, Mafia na Kilwa ni wachache mno.

Utafiti uliochapishwa mwaka 2022, uliowahoji wavuvi wa nchi saba, ulikadiria kwamba karibu asilimia 2 ya zana zote za uvuvi duniani hupotea baharini kila mwaka. Asilimia 2 yaonekana ndogo. Lakini kwa nyavu za kutega peke yake ni kilomita za mraba 2,963. Chukua kisiwa cha Unguja, ongeza Pemba, vyote viwili havifikii ukubwa huo. Na samaki wanaokufa humo ndio hao hao ambao mvuvi angewavua kesho na wewe ungewanunua kesho kutwa. Bei ya kitoweo ikipanda, wavu huo nao una sehemu yake.

Si kila wavu hupotea kwa bahati mbaya. Wavuvi wa Ziwa Victoria wanazijua nyavu za timba, za uzi mmoja mwembamba usioonekana majini. Sheria yetu inazikataza. Ni rahisi kuchanika na ni vigumu kushona, kwa hiyo zikichanika hutupwa. Na tukizikamata tunafanyaje? Katika operesheni za miaka iliyopita tumeona nyavu haramu zikirundikwa na kuchomwa moto hadharani, moshi mweusi ukipanda. Hata mkono wa sheria, ukiwa na wavu mkononi, haukujua pa kuupeleka.

Sasa twende shambani. Miaka kadhaa iliyopita nilikwenda kumsalimu mjomba wangu, mkulima wa nyanya na kabichi milimani. Asubuhi nilimwona mjukuu wake akijiandaa kwenda shule na chupa ya maji begani. Niliitazama mara mbili. Ilikuwa chupa ya dawa ya kuua wadudu, karatasi yake imebanduliwa. Niliikamata. Shangazi alifadhaika, akasema ameiosha kwa sabuni na maji ya moto, tena mara nyingi. Nikamweleza kwamba dawa hizo hujificha katika plastiki yenyewe, na kwamba chupa hiyo haifai kwa maji, wala mafuta ya kula, wala maziwa, hata ikioshwa mwaka mzima. Mjomba alikasirika kidogo, maana hakuna mtu anayependa kufundishwa nyumbani kwake. Kisha akaniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu.

"Haya, mpwa wangu. Nimekusikia. Sasa nizipeleke wapi?"

Alinionyesha nyuma ya nyumba. Palikuwa na rundo la chupa, viriba vilivyopasuka na mipira ya maji iliyotoboka. Akizichoma, moshi una sumu na majirani wanakohoa. Akizifukia, jembe litazifukua. Akizitupa korongoni, mvua itazichukua hadi mtoni. Duka lililomwuzia liko mjini, na halijawahi kumwambia arudishe chochote. Gari la taka halijafika kijiji kile tangu dunia iumbwe. Nilinyamaza. Hadi leo namwona mjomba kama mtu aliyelipatia tatizo hili jina lake halisi. Hatukukosa elimu peke yake. Tulikosa pa kuzipeleka.

Je, wengine wamelijibuje swali la mjomba?

Brazil walilijibu kwa sheria. Tangu sheria yao ya mwaka 2000, anayeuza dawa za kilimo lazima aoneshe mahali pa kurudisha chupa tupu, mkulima lazima azioshe na kuzirudisha, na mtengenezaji lazima azichukue kutoka hapo. Kila mmoja ana sehemu yake. Leo zaidi ya chupa tisa katika kila kumi hurudi. Uoshaji wenyewe ni rahisi: unatia maji safi kiasi cha robo ya chupa, unafunga na kutikisa, unamimina ndani ya bomba la kunyunyizia, na unafanya hivyo mara tatu. Dawa iliyobaki inakwenda kwenye mazao ulikoinunulia, hupotezi kitu. Kisha unaitoboa chupa isitumike tena. Hilo linawezekana Lushoto na Iringa kama linavyowezekana Brazil, iwapo mwenye duka naye atawajibika.

China walijifunza kwa uchungu. Kule karatasi za plastiki za kufunika matuta zilikuwa nyembamba mno, zikawa zinachanika shambani na kubaki udongoni mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2018 wakaanza kutumia kiwango kipya kinachodai karatasi nene zaidi. Ukisikia haraka utashangaa: plastiki nyingi zaidi? Lakini nene hung'oka nzima na hukusanyika. Nyembamba hubaki vipande. Wakulima wetu wa vitalu nyumba walizingatie hilo wanapovutiwa na bei ya chini.

Kwa upande wa bahari, mkataba wa kimataifa unaozuia meli kutupa plastiki baharini, zikiwamo nyavu, ulianza kutumika Desemba 31, 1988. Mwaka 2018 FAO ikapitisha mwongozo wa kuweka alama kwenye zana za uvuvi, ili wavu ukiokotwa ujulikane ni wa nani. Wavuvi wengine huogopa alama wakidhani ni mtego wa kuwatoza faini. Isiwe hivyo. Alama imsaidie mvuvi kurudishiwa mali yake, na anayekuja kutoa taarifa kwamba amepoteza wavu ashukuriwe badala ya kuadhibiwa. Vikundi vya usimamizi wa fukwe, BMU, tunavyo tayari. Kila mwalo ukiwa na kibanda kimoja cha kupokea nyavu zilizochakaa, na halmashauri ikapanga siku ya kuzichukua, swali la mjomba litakuwa limepata nusu ya jibu.

Nusu nyingine ni kurudisha kuoza pale kuoza kunapofaa. Wazee walitega kwa madema ya kusuka. Dema lililopotea lilioza, na samaki wakatoka. Leo madema mengi ni ya waya na plastiki. Huko Alaska, Marekani, sheria inataka mtego wa kaa uwe na sehemu iliyoshonwa kwa uzi wa pamba, ili mtego ukipotea uzi uoze na mlango ufunguke. Uzi wa pamba, ndugu zangu! Sisi tunaolima pamba Simiyu na Shinyanga tunashindwa nini?

Na hapo namkumbuka mama mmoja mkulima wa mwani niliyezungumza naye Paje, Unguja. Kilimo cha mwani cha biashara kilianza Zanzibar mwaka 1989, na wakulima wake wengi ni wanawake. Huchomeka vigingi mchangani maji yakitoka, huvuta kamba, na juu yake hufunga vipande vya mwani kwa vijikamba vya plastiki wanavyoviita tai-tai. Kwa kawaida mwani huvunwa baada ya wiki kama sita. Wakati wa kuvuna, anayeharakisha kabla maji hayajajaa huvikata, navyo huchukuliwa na maji. Yule mama alinionyesha ufukweni: mistari ya tai-tai imelala pamoja na mwani uliokauka. Yeye alikwisha kuacha kukata. Hufungua fundo, na kijikamba kile kile hukitumia tena na tena. "Kununua kila mara ni hasara, mwanangu," aliniambia.

Nikamwuliza kwa nini wasitumie kamba ya usumba. Alicheka, akanionyesha mchanga ule ule tuliokanyaga. Hapo mama yake alikuwa akifukia makumbi ya nazi miezi kadhaa, akiyafukua na kuyaponda hadi yawe usumba wa kusokota kamba. Kwa kamba za namna hiyo mababu zetu walishona mitepe ikavuka bahari. "Kazi yake ngumu," alisema, "na bei yake haimlipi mtu."

Maneno hayo yanatugusa sisi wa mijini. Zao la wiki sita halihitaji kamba ya kuishi vizazi. Vyuo vyetu vijaribu usumba na katani kwa kazi hiyo, vipime vinadumu siku ngapi na vinagharimu nini. Ikithibitika vinafaa, mnunuzi wa mwani achangie tofauti ya bei, asimwachie mama wa Paje mzigo huo peke yake. Yeye anauza kwa bei anayopangiwa.

Kuanzia mwaka 2022 mataifa yamekuwa yakijadiliana juu ya mkataba wa dunia kuhusu plastiki, baada ya azimio lililopitishwa Nairobi. Agosti 2025 walikutana Geneva, wakaachana bila mwafaka. Hayo yaendelee, lakini kibanda cha kupokea nyavu katika mwalo hakihitaji kusubiri Geneva. Kinahitaji mabati, mtu wa kukisimamia, na fungu katika bajeti ya halmashauri. Sharti la mwenye duka la pembejeo kupokea chupa tupu linahitaji kanuni na mtu wa kuikagua.

Wewe msikilizaji wa mjini, ambaye huna wavu wala shamba, una kura na una kikapu. Diwani wako akija kuomba fedha za kuzibua mitaro, mwulize na za mialo. Ukimiliki duka la pembejeo, anza wewe. Tenga kona moja ya kupokea chupa zilizooshwa na kutobolewa. Na kama una ndugu kijijini, mtazamie chupa ya maji ya mtoto wake.

Mimi wiki hii nimemwandikia mjomba. Nimemwambia azioshe chupa zake mara tatu, azitoboe, azitie katika kiroba mbali na watoto, wala asizichome. Nimemwahidi kwamba nikienda mwezi ujao nitakwenda naye kwa yule mwenye duka, tumwulize pamoja swali aliloniuliza mimi.